Mwaka Niliokuwa Kuruta wa Mama Mkwe

Siku ya tatu ya matanga ya mama mkwe wangu nilikuwa jikoni nikimenya viazi, mgongo wangu ukielekea dirishani, niliposikia wanawake wawili waliotoka Magoma wakinong'ona nje huku wakisugua masufuria. Mmoja alisema, "Huyu marehemu tunayemlilia ndiye aliyempeleka mkwewe akapasuliwa tumbo." Mwenzake akaguna. "Kisa?" "Alikuwa anakula mno. Bibi akaona shamba litaisha." Niliweka kisu chini nikacheka mpaka machozi yaliyokuwa yamenikauka tangu maziko yakarudi tena. Nikatoka nje na karai langu la maganda, nikawaamkia, "Shikamooni mama zangu. Huyo mkwe ni mimi." Sufuria likamponyoka mmoja. Alitaka kuomba radhi nikamzuia, kwa kuwa nusu ya aliyoyasema ni kweli: nilipasuliwa, na bila marehemu, Bibi Raheli, nisingepasuliwa. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonikosesha raha siku zote za matanga. Milima hii ina tabia ya kuichukua habari ya mtu na kuipika upya kila inapopita mlango, na nisipoieleza mimi niliyekuwamo, watoto watakaozaliwa kwetu watasimuliwa kwamba Bibi Raheli alikuwa mchinjaji.

Mwaka wenyewe ulianza kwa habari mbili ndani ya juma moja. Mimi na mume wangu tulikuwa tukiishi kwenye kota za jeshi Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, na kochi moja nililokwisha kulivunja springi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na kilo mia moja arobaini na tisa. Sitaeleza nilivyofika huko. Kila mnene ana historia yake, na kila anayemtazama anadhani anaijua. Ninachoweza kusema ni kwamba mume wangu, Sajini Elisha, ambaye mpaka leo namwita Baba Neema kwa jina la binti yetu, alikuwa hajapata usingizi mzima kwa karibu miaka miwili. Nilipolala, pumzi ilikuwa ikinikatika. Nakoroma, nakoroma, kisha kimya. Yeye ananisukuma bega, nami navuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Asubuhi anakwenda kwenye gwaride macho mekundu, wenzake wanamtania kwamba mkewe hamwachi alale, naye anacheka nao. Hakuwahi kuwasahihisha.

Jumanne ya juma lile tulikwenda kumwona daktari bingwa wa upasuaji. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na kiti cha wagonjwa ofisini kwake hakikuwa na mikono, jambo ambalo watu wembamba hawalioni lakini mimi nililiona kabla sijamwona yeye. "Mama," alisema, "ninaweza kukufanyia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, lakini siyo leo. Ini lako limejaa mafuta, limelala juu ya tumbo kama mfuniko, sitaona ninachokata. Sukari yako iko juu. Na kwa namna usingizi unavyokukaba, nikikupiga nusukaputi leo huenda usiamke." Nikamwuliza nifanye nini. "Shuka mpaka kilo mia na thelathini. Nakupa miezi tisa. Uje na ndugu wa kukuuguza, anayejua kila kitu. Na mpaka siku hiyo usilale chumba peke yako." Iko mashine ya kuvaa usoni inayosukuma hewa usiku, akasema, ila kuipata kungechukua muda. Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono. Kisha Ijumaa Baba Neema akaingia, akakaa kwenye kochi bila kuvua buti, akaniambia amepangiwa kwenda nje ya nchi kulinda amani, mwaka mzima. "Nani atakuamsha?" akauliza. Nikamwambia nitatega kengele ya simu. Akatikisa kichwa. "Kengele humwamsha mtu anayepumua."

Ndivyo nilivyopelekwa Lushoto kwa mama yake, na binti yetu akabaki shule ya bweni. Bibi Raheli alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama kuni ya mkaratusi, mjane aliyelima kabichi na maharage kwenye matuta ya mlima ambayo mimi nikiyatazama tu nilipata kizunguzungu. Alituandalia chumba kimoja, yeye na mimi. Nakiona mpaka leo: vitanda viwili, changu kikiwa kimetegemezwa matofali chini ili kisije kukatika, magunia ya maharage makavu kwenye kona, yakinukia vumbi tamu, kalenda ya kanisa ukutani, na dirisha dogo ambalo asubuhi ukungu uliingia kupitia kwake kama mgeni asiyebisha hodi. Kando ya kitanda chake alikuwa ameegemeza mwanzi mrefu. Kazi ya mwanzi huo ilikuwa kunichoma ubavuni kila niliponyamaza kukoroma. Baba Neema alimweleza mama yake habari ya pumzi, akamwonyesha namna ya kunigeuza ubavu, akaaga. Habari ya upasuaji hakuitamka. "Hiyo utamwambia wewe," aliniambia barabarani akisubiri gari la kushuka Mombo. "Mimi nimekwenda mafunzo ya kila aina, lakini hayo siyawezi." Sajini mzima.

Nikanyamaza nami. Nilidhani ninaweza kupungua kimyakimya, nikamwambia baadaye. Lakini nyumba ile ilikuwa na lugha moja ya upendo, nayo ilipikwa. Asubuhi viazi vitamu na chai ya maziwa, mchana bada, kama Wasambaa wanavyouita ugali, limejaa sinia kwa maharage yaliyoungwa nazi, jioni viazi mviringo na kabichi, na katikati ya hapo maplamu, mapeasi, mahindi ya kuchoma. Mtaalamu wa lishe alikuwa ameniambia nile chakula kinachoenea kwenye kisosi, nitafune polepole, niache kabla sijashiba. Nikawa nala kidogo, nasukuma sahani, nasema, "Nimeshiba, Mama, ahsante." Siku ya tano nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko nikiota jua, nikamsikia akizungumza ndani na jirani yake, Mama Kibwana, mwenye shamba la kabichi lililopakana na letu. Waliongea Kishambaa wakidhani sikielewi, lakini miaka kumi na sita ya ndoa si mchezo. "Ananisukumia sahani," alisema mama mkwe. "Mwanangu kaniachia mke mwenye mwili. Akirudi akute mifupa, atasema nini? Watu watasema nini? Mke wa askari kakondeshwa na mama mkwe!" Mama Kibwana akamwuliza kama labda ninaogopa chakula chake. Mama mkwe akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Labda ananiona mchafu."

Niliinuka, kuinuka kwangu kwa siku zile kulikohitaji ukuta na sala, nikazunguka nikaingia jikoni. Nikamwambia yote mbele ya Mama Kibwana: daktari, ini, kilo, miezi tisa, kisu. Nilipotaja kisu Bibi Raheli akaacha kupepeta maharage. Neema, ambaye binti yangu alirithi jina lake, alikuwa mtoto wake wa kike wa pekee. Aliingizwa chumba cha upasuaji akijifungua, hakutoka hai. Nililijua jina, sikulijua jeraha. "Nyumba hii," alisema taratibu, "ilishatoa mtu mmoja kwenye kisu. Haitoi wa pili. Kama ni kula kidogo, kula kidogo, sitakulazimisha. Lakini mimi kukupeleka kwa mikono yangu, hapana, Mama Neema. Hapana." Akachukua ungo wake akatoka nje. Mama Kibwana alinitazama kwa huruma, akaniwekea kisosi mezani na viazi viwili vidogo juu yake, akaenda zake.

Majuma matatu hatukuitaja tena habari ile. Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi kali. Niliamka nikiwa nimelowa maji kifuani, godoro limelowa, na Bibi Raheli ameketi ukingoni mwa kitanda changu na kata mkononi, kilemba kimemvuka. Aliniambia kwamba mwanzi haukufaa kitu safari hii. Alinisukuma, akanipiga mashavu, akaniita jina langu na jina la marehemu Neema kwa pamoja, mwisho akanimwagia maji ya mtungini ndipo nikavuta pumzi. Nje majogoo wa Mama Kibwana walikuwa wameanza kuwika. Alikaa pale muda mrefu akinipangusa uso kwa kanga. "Jana nilikuwa naogopa kisu," akasema. "Leo naogopa shuka hili unalolalia. Kisu angalau kina daktari." Akainuka, akanitupia sweta. "Vaa viatu. Kilo ngapi alisema huyo mtu wako?"

Nimewahi kuishi kambini miaka mingi na nimeona makuruta wakinyanyaswa alfajiri, lakini nasema kwa haki kwamba hakuna mkufunzi wa kambi yoyote aliyemfikia Bibi Raheli. Siku hiyohiyo alinipeleka zahanati kupima uzito ili tujue pa kuanzia. Nesi, dada mchangamfu aitwaye Tumaini, alinipandisha kwenye mizani, mshale ukaruka ukagonga mwisho, kilo mia na thelathini, ukakaa hapo ukitikisika kama unaomba kusamehewa. Mizani ile ilikuwa haisomi zaidi ya hapo. Tumaini aliangalia chini. Mama mkwe hakuangalia chini; alinishika mkono akanitoa nje, akanivusha barabara mpaka kwenye ghala la mnunuzi wa viazi, penye mizani ya magunia. Wanaume walikuwa wakipakia lori. Mmoja akacheka, akasema mzigo huu ni wa kupeleka Tanga au Dar. "Ni mke wa Sajini Elisha," mama mkwe akamjibu bila kupandisha sauti, "naye anapimwa kwa sababu anakwenda vitani. Wewe unakwenda wapi?" Yule bwana akajitia kufunga kamba. Nilipanda. Mia moja arobaini na nane na nusu. Nililia njia nzima ya kurudi, naye aliniacha nilie, mbele yangu hatua tatu, bila kugeuka.

Kesho yake tukaanza. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, raba miguuni, kanga mbili kiunoni, fimbo. Njia yetu ilianzia nyumbani, ikapanda katikati ya matuta mpaka kanisani juu ya kilima. Siku ya kwanza nilifika nyumba ya tatu, nikakaa kwenye jiwe, magoti yanawaka. "Vizuri," akasema, "kesho ya nne." Na kesho yake ikawa ya tatu tena, na keshokutwa pia. Waliotupita wakienda shamba walimsalimu kwa adabu, "Onga makeo," kisha nyuma yetu nikawasikia wakitucheka: mke wa askari anakula kwata, Bibi Raheli amekuwa afande. Nilidhani atachukia. Yeye alilipenda jina hilo. Akaanza kulitumia jikoni. "Afande amesema tafuna mara ishirini," ananiambia, akinitazama taya. Sahani kubwa zote alizifungia kabatini, tukala kwenye visosi vya chai wote wawili, yeye aliyekuwa na mwili wa kuku wa kienyeji. Nazi akaiondoa kwenye maharage. Sukari akaipeleka kwa Mama Kibwana. Nikimwambia nina njaa ananipa maji ya moto na jembe, nikapalilie karoti nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kwa kuwa kuinama sikuweza. Nilimchukia kama kuruta anavyomchukia mkufunzi: kwa moyo wote, na kwa kujua kwamba bila yeye sitoki salama. Mwezi wa tatu nilifika nyumba ya tisa. Mwezi wa nne nilivuka kijito bila kushikwa mkono. Mume wangu alikuwa akipiga simu ya picha kila mtandao uliporuhusu, neno lake la kwanza likiwa lilelile, "Unapumua?" nami namjibu, "Napumua, wewe je?" maana kule alikokuwa, swali lilikuwa letu sote.

Watu wanaosimulia ushindi wao huwa wanaruka hapa, nami nilitamani kuruka. Mwezi wa tano redio ilisema kituo kimoja cha walinda amani kimeshambuliwa, katika nchi ileile aliyokuwako Baba Neema, na kwamba wapo waliokufa, majina bado. Simu yake haikupatikana. Nilipiga kota, wanawake wenzangu kule nao walikuwa wakipigiana, kila mmoja akimwambia mwenziwe asiwe na wasiwasi kwa sauti yenye wasiwasi. Siku nne. Siku ya pili niliingia stoo, nikakaa chini kati ya magunia, nikala. Nilikula bada la jana kwa mikono, nikala viazi vya baridi, nikala maplamu mpaka maji yake yakanichuruzika viwikoni, nikaenda kwa Mama Kibwana nikasema naazima sukari. Sikuwa na njaa. Nilikuwa najaza mahali pa mtu. Siku ya nne adhuhuri simu ikaita, sauti yake ikaja kwa kukatikakatika: mzima, yuko kituo kingine, mitambo ilizimwa. Mama mkwe akapiga magoti shambani palepale, kwenye matope. Mimi nilipiga magoti pia, kisha nikakumbuka stoo, nikaona aibu. Juma lililofuata mizani ya viazi ikaonyesha nimerudisha kilo nne kati ya kumi na moja nilizopoteza. Nilimngoja aniseme. Alinitazama usoni, akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Mimi siku zile nne sikula kabisa," alisema, "wewe ulikula ya wote wawili. Kila mtu na hofu yake. Kesho saa kumi na moja na nusu." Ndiyo yote aliyosema juu ya jambo hilo, tangu siku ile mpaka kufa kwake.

Sasa ninakaribia miaka hamsini, na vijana wakinieleza kwamba upasuaji ni njia ya mkato ya wavivu, ninawaonea huruma zaidi ya kukasirika. Mkato gani? Kabla kisu hakijanigusa nilikuwa nimeupanda mlima ule zaidi ya mara mia mbili. Nilikuwa nimejifunza kula upya kama mtoto, kutofautisha njaa na upweke, kutofautisha kiu na hofu ya simu isiyolia. Mke wa askari hufundishwa kungoja, lakini hakuna anayemfundisha afanye nini na mikono yake wakati wa kungoja. Mimi niliitumia yangu kupeleka chakula mdomoni kwa miaka. Mwaka ule niliishika fimbo. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, umande bado haujakauka, niliinua kichwa nikaona mbele yangu hakuna njia ya kupanda tena. Kulikuwa na mlango wa kanisa tu, na chini yetu paa za mabati za Lushoto ziking'aa, na mbali kule nyika ya Mnazi imelala bluu kama nchi nyingine. Bibi Raheli alikuwa nyuma yangu. Nyuma! Amekuja akihema, mkono kiunoni. "Unakimbilia wapi," akafoka, "kwani kuna anayekufukuza?" Kisha akaona alichokisema, akaanza kucheka, nikacheka, tukaketi kwenye ngazi za kanisa tukicheka mpaka mzee wa kanisa akatoka kuuliza kuna nini. Siku hiyohiyo nesi Tumaini alinipandisha kwenye mizani yake ya zahanati. Mshale uliruka, ukayumba, ukarudi, ukatulia kabla ya mwisho. Mia na ishirini na tisa. Tumaini akapiga kigelegele, wagonjwa wote benchini wakasimama kutazama nani amejifungua.

Zilibaki wiki mbili za mwisho kabla ya safari, na hizo daktari alikuwa ameagiza niishi kwa vitu vya kunywa tu, ili ini linywee. Na ndani ya wiki hizo Mama Kibwana akamwoza binti yake. Ukitaka kujua adhabu, kaa uani kwa jirani wakati pilau inapopakuliwa kwa watu mia tatu, wewe tumboni una uji mwepesi wa asubuhi. Tulikaa kwenye mkeka na akina mama, wengine wametoka Rangwi na wengine Mnazi. Sinia likaja katikati yetu. Mama mmoja, shangazi wa bwana harusi, akaniona nimekunja mikono. "Mwenzetu mbona huli?" akauliza kwa sauti ya kusikika mikeka mitatu. "Asiyekula pilau ya harusi ana jambo na wenye harusi." Uso ulinipata moto. Mama Kibwana mwenyewe akatoka jikoni na vazi lake jipya, jasho linamtiririka, ameshika chupa ya chai. "Huyu ana sinia lake," akasema. "Supu ya kuku, nimeichuja mara mbili kwa mikono yangu, haina hata punje. Anajiandaa kwa hospitali. Mwenye jambo naye ana jambo na mimi." Alinimiminia kikombe. Na mama mkwe, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeshafika kwenye sinia, akaurudisha, akaunawa, akasema, "Nimiminie na mimi." Nilikunywa supu ile nikiwa na aibu ya furaha. Nimealikwa harusi nyingi tangu hapo, sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko kile kikombe.

Dar es Salaam joto lilitupokea kama tanuri. Daktari alinipima, mia na ishirini na nne, sukari imeshuka, akapiga picha ya ini akaitazama muda mrefu. "Mama," akasema, "wengi ninaowapa kazi hii hawarudi. Umefuzu." Kisha akatoa fomu ya ridhaa, akauliza ndugu ni nani. Bibi Raheli alisogeza kiti chake mbele. "Binti yangu alikufa mikononi mwa watu waliovaa kama wewe," alisema. "Sikulaumu. Lakini nieleze unachokwenda kufanya, usinifiche, na usiniambie kwa Kiingereza." Daktari akachukua karatasi akachora tumbo, akachora mstari. Hatapasua wazi, akasema, atapitia matundu madogo. Sehemu kubwa ya mfuko itatolewa, itakayobaki itakuwa kama ndizi. "Ndizi gani?" mama mkwe akauliza. "Mkono wa tembo, au kisukari?" Daktari alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Kisukari, mama, ndicho tunachojaribu kukiacha nje." Mama mkwe akachukua kalamu. Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, na jina lake aliliandika herufi moja moja, akibana ulimi kati ya meno, kama anayepanda mbegu. Asubuhi ya upasuaji mhudumu alileta kiti cha magurudumu mlangoni. Mama mkwe akakisukuma kando. "Huyu anatembea," alisema. Nikatembea ukumbi mzima, gauni la hospitali likinipepea nyuma, mpaka kwenye milango ambayo yeye hakuruhusiwa kuivuka.

Nilipoamka jioni, kitu cha kwanza nilichosikia ni pumzi yangu mwenyewe, inakuja, inakwenda, inakuja. Maumivu yalikuwapo, na kinywa kilikuwa kikavu kama unga, lakini nilikuwapo. Bibi Raheli alikuwa amesimama kando ya kitanda na simu sikioni, akiongea kwa sauti ya mtu anayedhani umbali unazibwa kwa kupiga kelele. Upande wa pili nilimtambua Baba Neema, analia. "Nyamaza, wewe ni askari," alikuwa akimwambia. "Daktari amesema imekwenda salama. Anapumua, namwona. Sasa niache, mwanangu, mimi nimefunga tangu jana jioni, nina njaa." Akakata. Alitoa kwenye kikapu chake chapati mbili na maharage aliyoyafungasha kwa ndugu yetu mmoja mjini, akajiweka kwenye kiti, kisha akakigeuza kiti kikatazama ukuta ili nisimwone akila. Nilimsikia akimega, akitafuna taratibu, kwa siri, kama mwizi. Nikamwita. "Mama, geuka." Akasema hapana, usije ukapata tamaa, mwanangu. "Geuka, Mama, ule nikuone." Akageuka. Akala mbele yangu mpaka maharage ya mwisho, akapangusa bakuli kwa kipande cha chapati, nami nikamtazama tangu mwanzo hadi mwisho, na sikutamani hata tonge moja.